Kifuniko cha Ukindu

Perusi Ndahani alikuwa ameizoea chuki yake kama mtu anavyozoea jino bovu: alijua upande wa kutafunia. Ndiyo maana alipopanda lifti kwenda ghorofa ya juu ya jengo la Kiangazi, jua la jioni likiwa bado halijagusa vilima, aliushika mkoba kama mtu anayekwenda sokoni. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ndogo ya mvinyo wa zabibu za shamba lake mwenyewe la Hombolo. Ndani ya mvinyo huo mlikuwa na maji ya jana ya Amoni Chedego.

Lifti ilifungukia ndani ya baa. Kila mtu Dodoma alikuwa na lake la kusema juu ya Kiangazi: kwamba meza zake hupoza glasi bila barafu, kwamba ukuta wake mrefu husikiliza sauti za wateja na kubadilika rangi kadiri wanavyochangamka, na kwamba hujawa mtu wa mjini mpaka upigwe picha umeuegemea ukuta huo ukiwa mwekundu. Saa hizo ulikuwa na rangi ya papai. Watu walikuwa bado wachache.

"Mbukwa, mama, karibu sana," alisema mhudumu, mwanamume mnene mwenye koti jeupe na ndevu zilizonyooshwa kama kwa rula. Jina lake, Zakayo, lilikuwa limetariziwa kifuani. "Naona una chupa yako. Hapa chupa ya mgeni ruksa, mradi isiwe gongo."

"Ni mvinyo wa nyumbani."

"Wote wa gongo husema hivyo hivyo." Akacheka, akaona anacheka peke yake, akajirekebisha. "Utani tu, mama. Wewe sura yako ya kwaya kabisa. Unakutana na nani?"

"Bwana Chedego."

"Mgeni wa bosi Amoni! Sasa mbona hukusema, ukaniacha nakutania? Njoo, njoo. Meza yake ni ile ya dirishani, hakai kwingine."

Akampeleka mpaka kwenye meza ya jiwe jeusi, akaweka glasi mbili, na juu ya kila glasi akaweka kifuniko kidogo cha ukindu, kimesukwa kwa rangi ya zambarau na manjano. Vifuniko hivyo ndivyo vilivyoipa Kiangazi sifa kuliko hata ukuta. Dodoma ni mji wa vumbi na nzi, na wenye baa walikataa kufunga madirisha yao; wakaagiza vifuniko kwa akina mama wasusi. Taratibu ikawa sheria ya nyumba: glasi iliyofunikwa haiguswi, hata mwenyewe akiondoka kwenda kucheza muziki. Iliyoachwa wazi huhesabiwa kuwa imekwisha hamu, na mhudumu huja kuiondoa.

Perusi akaketi. Akaiweka chupa mezani, katikati, kama mtu anayeweka taa.

*

Kuvua kumbukumbu kulipoingia nchini, kuliletwa kwa ajili ya watu walionusurika ajali na moto. Madaktari walieleza kwamba kumbukumbu si moshi. Ni kitu, ni mafundo madogo mno ndani ya ubongo, na mgonjwa akiwa anasimulia jambo lake, mafundo yanayohusika huamka na kuonekana kwenye chombo. Yakishaonekana, hufunguliwa, huoshwa, na kutolewa kwa sindano nyuma ya shingo. Kinachotoka hujaza kichupa kisichozidi kidole. Zahanati zilikipa jina refu. Watu wakakiita maji ya jana.

Vichupa vilihifadhiwa, iwapo mwenyewe angebadili nia. Na kwa kuwa watu ni watu, baadhi vilinywewa, na hivyo ndivyo mambo yake yalivyojulikana. Mwenyewe akiyanywa, hata funda moja, yanarudi mahali pake na hayatoki tena. Fundo lililofungwa mara ya pili halifunguki. Mgeni akiyanywa, anaona yote kama yake, kisha ubongo wake, usio na pa kuyashika, unayaachia muda si mrefu. Anabaki na maneno machache, kama mtu aliyesimuliwa ndoto ya mwenzake. Na sheria ikaongeza lake: kumnywesha mtu maji yake ya jana bila yeye kujua ni kosa sawa na kumtilia sumu.

Perusi aliijua sheria hiyo. Aliisoma, akairudia, akaenda kupalilia zabibu zake.

Mdogo wake, Nehemia, kitindamimba wa mama yao, alifia ndani ya tangi la kuchachushia katika kiwanda cha mvinyo cha Machweo. Alikuwa ameingia kulisafisha. Zabibu zikichachuka hutoa hewa ya ukaa, nzito, isiyoonekana, nayo hutuama chini ya tangi kama maji. Kuna king'ora cha kuionya. Siku ile king'ora kilikutwa kimezimwa, na msimamizi wa zamu alikuwa Amoni Chedego.

Tume ilipoundwa, Amoni alivikwa kofia ya shahidi, ile inayowaka taa mtu akisema uongo. Aliulizwa king'ora kilizimwa na nani. Aliulizwa kama alisikia chochote. Kila alipoulizwa alijibu kwa upole, "Sikumbuki," na taa haikuwaka, kwa sababu lilikuwa jibu la kweli. Alikuwa amekwenda kuvuliwa kabla hata ya maziko. Tume ikafunga majalada. Mama yao akaishi miaka michache mingine akiuliza swali moja, alikufaje mwanangu, akalala nalo, akafa nalo.

Kisha zahanati ile ikahama jengo, na vichupa vya zamani vikaamriwa kumwagwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya tatu pamoja na Nehemia kanisani alikwenda Hombolo na kikapu. "Mimi nimeleta mayai tu, dada Perusi," alisema, hakuketi hata kunywa chai. Chini ya mayai kulikuwa na kichupa chenye jina la Amoni na tarehe.

*

"Dada wa Hombolo! Nimekuweka sana?"

Amoni Chedego alikuja akipeana mikono na meza zote alizopita. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha kiasi na shati la kitani, na alikuwa na kicheko kinachotangulia maneno. Yeye ndiye aliyechagua mvinyo wote wa Kiangazi. Akisema zabibu za fulani ni nzuri, fulani amepata soko. Perusi alimwandikia kwamba ana shamba na angependa aonje mvinyo wake. Hakudanganya hata neno moja.

"Hujaniweka, kaka."

"Nihamie upande huu, tafadhali, niione mbingu. Mimi chumba kisicho na dirisha sikipumui. Sijui ni ugonjwa gani, sikuzaliwa nao." Akajitupa kwenye kiti. "Haya. Ni zabibu za mavuno yapi, ya Machi au ya Agosti?"

"Agosti."

"Safi. Za Machi zinakunywa maji mengi mno, zinakuwa kama watoto wa matajiri. Za Agosti zimeteseka kidogo." Akainua kidole. "Mvinyo mzuri sharti uwe umeteseka kidogo. Zakayo, si nakwambiaga?"

"Kila siku, bosi, na mshahara wangu nao unateseka, lakini hauwi mtamu," alijibu Zakayo kutoka meza ya pili, na Amoni akacheka mpaka ukuta nyuma yake ukaanza kuwa mwekundu.

Perusi alimngoja amalize. Alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mwovu. Hakujiandaa kumkuta mtu ambaye wahudumu wanampenda.

"Nilisikia uliwahi kufanya kazi Machweo," alisema.

"Nilikuwa msimamizi kule." Kicheko kilipungua, hakikuisha. "Kuna kijana alikufa, maskini. Zamu yangu. Basi nikaenda nikavuliwa." Akagusa nyuma ya shingo kwa kidole, kama mtu anayeonyesha kovu la ndui. "Wengine wanaficha, mimi sifichi. Tangu siku ile nalala kama mtoto aliyeshiba."

"Na hujawahi kutaka kujua?"

"Kujua nini, dada? Yule mtu niliyekuwa aliona, akaamua mimi nisione. Alinipenda sana yule bwana. Mimi ni nani nimkosoe?"

Jino lile bovu ndani ya Perusi lilipiga mara moja, kwa nguvu. Akaisogeza chupa.

Alikuwa ameupanga mpango wake polepole, kama anavyopanga mistari ya mizabibu. Zakayo angefungua chupa na kummiminia Amoni glasi moja. Yeye angesema anatumia dawa, haruhusiwi kileo. Amoni angekunywa funda la kwanza kwa pua na ulimi, kama watu wa kazi yake wanavyofanya, na funda hilo lingetosha. Yeye angeketi atazame.

Zakayo akaja, akaifungua chupa, akavua vifuniko, akainama kumimina.

"Nipe," alisema Perusi, na mkono wake ukaichukua chupa.

Haukuwa mkono wa mpango. Ulikuwa mkono aliolelewa nao. Mama yao alikuwa akiwapiga vidole kwa mwiko: mgeni wako hahudumiwi na mkono wa mwingine ukiwa umekaa unatazama. Perusi alikwisha kumimina glasi nzima, akaisukuma mbele ya Amoni, ndipo akaona alichofanya. Zakayo akarudi nyuma kwa heshima, akaondoka.

Amoni hakuigusa glasi. Alikuwa anatabasamu.

"Umesahau, dada?"

"Nini?"

"Anayemimina huonja. Bibi yangu alisema pombe isiyoonjwa na mwenyewe hata mbwa akipewa huwa na wasiwasi."

"Niko kwenye dawa."

"Lowesha midomo tu. Angemimina Zakayo nisingesema neno, Zakayo yuko kazini. Umemimina wewe." Akaisukuma glasi irudi kwake. "Au umenitilia kitu?" Akacheka.

Angeweza kukataa. Wangeagana kwa adabu, angerudi Hombolo na chupa yake, na mwanamume yule angelala kama mtoto aliyeshiba. Aliitazama glasi. Akakumbuka pia swali la mama yake, na kwamba jibu lilikuwa humo, na kwamba katika miezi yote ya kupanga hakuwahi kujipa ruhusa ya kulitaka.

Akanywa funda moja.

*

Kwanza ilikuja harufu ya hamira na sakafu iliyoloa. Kisha mikono. Mikono mikubwa, yenye pete ya ndoa, nayo ilikuwa mikono yake.

King'ora kilikuwa kinalia tena, na lori la zabibu lilikuwa linangoja nje, na mkono wake ukachomoa waya. Kimya kikawa kitamu. Akarudi kwenye karatasi zake.

Halafu kugonga. Hakukuwa kugonga kwa fujo. Kulikuwa kama kwa mtu anayegonga kwa jirani kuomba chumvi, akiona haya. Akakaa akisikiliza. Kisha akajua, na akakimbia. Hilo Perusi hakulitarajia: alikimbia, akapanda ngazi, akainua mfuniko wa tangi.

Nehemia alikuwa chini, amepiga magoti kwenye maganda ya zabibu, ameinua uso. Alimwona. Alimtambua.

"Bosi," alisema. "Kamba."

Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, karibu kabisa.

Na hapo uani likasikika gari. Wakaguzi. Walikuwa wanatarajiwa siku ile. Waya umechomolewa, mfuniko uko wazi, mtu yuko ndani. Perusi aliisikia hesabu hiyo ikipita kichwani mwake kwa sauti yake mwenyewe, nayo ilikuwa hesabu fupi. Kisha mikono miwili ikaushika mfuniko, ikaushusha polepole, polepole, ncha za vidole zikiutafuta mpira wa ukingoni ili chuma kisilie, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Haukutoa sauti.

*

"Dada? Mvinyo umechacha? Mbona uso umebadilika hivyo?"

Meza ilikuwa palepale. Ukuta ulikuwa mwekundu. Watu walikuwa wameongezeka, wanacheka. Perusi alishika ukingo wa jiwe. Viganja vyake bado vilikuwa na baridi ya mfuniko.

Alikuja kumpa mtu maumivu bila kujua ukubwa wake. Sasa aliyajua. Kwake yangepita, kwa huyu, yakiingia, yangelala naye na kuamka naye mpaka siku ya kufa. Aliuliza moyo wake, nao ukajibu: anywe. Akauliza tena, maana hakuwa mtu wa kukata neno kwa jibu la kwanza. Moyo ukajibu lile lile.

"Hapana, uko sawa," alisema. "Onja."

Akaisukuma glasi. Aliisukuma polepole, kitako chake kisikwaruze jiwe, huku midomo yake ikitabasamu. Na hapo akaiona mikono yake. Aliitambua. Ilikuwa inafanya kazi ile ile, kwa utaratibu ule ule, kimya, ili asisikie mtu.

Akaivuta glasi mkononi mwa Amoni kabla hajaiinua, akaigonga mezani. Mvinyo ukaruka. Watu wakageuka.

"Amoni Chedego," alisema, kwa sauti ambayo shamba lote la Hombolo halikuwahi kuisikia. "Mimi ni Perusi, dada yake Nehemia Ndahani. Humu mna maji yako ya jana."

Ukuta ukashuka rangi kutoka nyekundu mpaka kijivu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema neno.

Amoni alijaribu kucheka. "Dada, huo si utani wa mezani."

"Mimi na wewe si watani."

"Ni kosa. Unajua ni kosa?"

"Lingekuwa kosa kama nisingekwambia. Nimekwambia, tena mbele za watu."

Amoni akaitazama glasi, akamtazama Perusi, akaona alama ya midomo kwenye ukingo. "Umeyaonja."

"Wewe ndiye uliyenionjesha."

"Basi..." Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu mwingine, mdogo. "Basi niambie kwa mdomo. Si lazima ninywe. Nilikuwepo?"

"Yule bwana aliyekupenda sana alikuwepo."

"Alijaribu kumsaidia?"

Perusi angeweza kusema hapana, na lisingekuwa kosa kubwa. Lakini alikuwa amekimbia na miguu ile, alikuwa amepanda ngazi zile.

"Alikimbia kumwendea," alisema. "Hilo ni haki yako, nakupa. Yaliyobaki yamo humo. Mimi yataanza kunitoka sasa hivi, na nikifika Hombolo nitabaki na maneno mawili matatu. Baada ya hapo hakuna mtu chini ya jua atakayekuwa ameuona uso wa mdogo wangu siku ile. Isipokuwa wewe, ukinywa. Usiponywa, umemmaliza mara ya pili. Chagua ukiwa macho safari hii."

Jasho lilikuwa limemtoka Amoni juu ya mdomo. Alikitazama kifuniko cha ukindu kilichokuwa kando ya glasi, akakichukua, kwa mikono yote miwili. Akakishusha juu ya glasi polepole, polepole, ncha za vidole zikiutafuta ukingo, mpaka kikakaa bila sauti yoyote.

Viganja vya Perusi vilijua kabla ya macho yake.

"Hivyo hivyo," alisema.

"Hivyo nini?"

"Mikono yako. Itazame. Hiyo hukuivua."

Amoni aliitazama mikono yake, ikiwa bado imezunguka kifuniko, kama mtu anayeitazama mikono ya mwizi aliyekamatwa ndani ya nyumba yake. Akaiondoa taratibu, akaiweka mapajani, kisha akaona hata pale si mahali pake, akairudisha mezani.

Perusi akanyanyuka. Akakiokota kifuniko kutoka juu ya glasi, akakitia mkobani, akaufunga mkoba. Glasi ikabaki wazi, mwanga wa jioni umeingia ndani yake mpaka chini.

Alitembea kuelekea kwenye lifti. Watu walimpisha. Hatua baada ya hatua alihisi picha ikianza kumlegea: kwanza harufu, kisha pete, kisha rangi ya maganda ya zabibu. Aliung'ang'ania uso wa Nehemia, nao ukawa unateleza kama sabuni. Nyuma yake alisikia viatu vya Zakayo vikiifikia ile meza, maana sheria ya nyumba ni sheria ya nyumba.

"Bosi Amoni," Zakayo aliuliza kwa sauti ya chini. "Haina kifuniko. Niondoe?"

Lifti ilikuja, mlango ukafunguka, Perusi akaingia, akageuka kuutazama ukuta wa kijivu.

"Acha," ilisema sauti ya Amoni.

Mlango ulikuwa umeanza kujifunga aliposikia glasi ikirudishwa mezani. Haikuwekwa polepole. Iligongwa kwenye jiwe, tupu, na baada yake ikaja sauti ya mtu anayeita kamba, kamba, leteni kamba, katika chumba ambamo hakuna aliyejua anataka kamba ya nini.

Perusi alijua. Lilikuwa ndilo neno pekee alilobaki nalo. Lifti ikaanza kushuka, naye akapitisha ulimi ndani ya kinywa chake, taratibu, upande ule wa siku zote, kutafuta jino.